Mayai ya mwanamke: yanatoka wapi, yanapevukaje, yanaisha lini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota kwenye benchi la kliniki hapa Mwanza, asubuhi kabla majina hayajaanza kuitwa. Mengine nimeulizwa mlangoni kwa kunong'onezwa, "sista, nina swali dogo," na swali lenyewe si dogo hata kidogo. Yanaanza ya msingi, yanafuata yale yanayokuja kwa nadra. Jibu likigusa swali lingine nimeweka namba, usome huko nisije nikarudia.

## Mambo ya msingi

1. Mayai ya mwanamke yanakaa wapi?

Kwenye ovari. Mwanamke ana mbili, moja kila upande wa kizazi, ndani ya nyonga. Kila moja ina urefu wa sentimita 3 hivi, kama zambarau kubwa, ila rangi yake ni ya kijivu na juu ina mabondebonde. Wengi hudhani mayai yanakaa kwenye kizazi. Kizazi ni chumba cha mtoto. Ghala la mayai ni ovari, na kati yao kuna mrija.

Ovari yenyewe haijashikana na mdomo wa mrija. Mdomo huo una vijidole laini vinavyopapasa juu ya ovari na kulipokea yai linapotoka.

2. Yai la mwanamke lina ukubwa gani? Ni kama la kuku?

Upana wake ni kama milimita 0.1. Nukta uliyoweka kwa kalamu ya wino mwishoni mwa sentensi ni kubwa kuliko yai. Hata hivyo ni moja ya seli kubwa kabisa mwilini, na mwenye macho mazuri anaweza kuliona bila darubini.

Kuku lakini ni mwalimu mzuri. Siku ukichinja kuku wa kienyeji anayetaga, ukishampasua na kuvuta utumbo, tazama mgongoni kwa ndani, upande wa kushoto. Utakuta shada: kiini kimoja kikubwa cha njano kilicho tayari, pembeni yake kingine kama gololi, kingine kama punje ya hindi, vingine kama ulezi, na nyuma yake vidoti vyeupe visivyohesabika. Mama yangu alikuwa akiviacha vile vikubwa vichemke kwenye mchuzi, na sisi watoto tulivigombania. Ile ndiyo ovari. Mengi yanangoja, machache yanakua, moja liko mbele. Ya mwanamke hufuata mpango huohuo. Tofauti ni kwamba kuku hutumia ovari ya kushoto tu, na kiini chake ni kikubwa kwa sababu kifaranga atakula humohumo mpaka aanguliwe. Mtoto wetu hulishwa kupitia kondo la nyuma, hivyo yai halina haja ya kubeba akiba kubwa.

3. Je, mwili hutengeneza yai jipya kila mwezi?

Hapana. Kutolielewa hili ndiko kunakopotosha mengine yote, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Mayai yote hutengenezwa kabla msichana hajazaliwa. Mimba ikiwa na wiki 5 au 6, kiumbe kikiwa kidogo kuliko harage, kuna seli chache zinazosafiri mpaka mahali ovari zitakapojengwa. Zikifika zinagawanyika, zinagawanyika tena, na kufikia wiki ya 20 ya mimba zimekuwa kama milioni 6 hadi 7. Baada ya hapo kiwanda kinafungwa.

Kinachotokea kila mwezi baada ya msichana kuvunja ungo ni kuamshwa na kukuzwa kwa yai ambalo lilikuwepo siku zote. Mwanamke wa miaka 30 hutoa yai lenye umri wa miaka 30 na miezi kadhaa. Ipo na hesabu nyingine, ambayo huwa inanyamazisha benchi zima: yai ulilotokana nalo wewe lilikuwa tayari ndani ya mama yako alipokuwa tumboni mwa bibi yako. Bibi aliyekuwa akipalilia pamba Magu au akianika dagaa Ukerewe na mimba ya mama yako, alikuwa amebeba na nusu yako.

Mwaka 2004 kundi la watafiti wa Marekani lilidai kwamba ovari za panya waliokwisha kukomaa huweza kuzalisha mayai mapya, na wanasayansi wamebishana sana tangu hapo. Kwa mwanamke anayepanga uzazi leo, ubishi huo haujabadilisha kitu.

4. Basi ninayo mangapi?

Inategemea umri, maana yanapungua tangu tumboni. Zile milioni 6 hadi 7 za wiki ya 20 hubaki kama milioni 1 hadi 2 msichana anapozaliwa. Anapovunja ungo yamebaki 300,000 hadi 400,000. Hedhi inapokoma, yamebaki kama 1,000 au pungufu. Na katika yote hayo, yatakayopevuka na kutoka ni 400 hadi 500 tu maisha mazima. Aliyezaa watoto sita na kunyonyesha kila mmoja atatoa machache zaidi, kwa kuwa miezi mingi ovari zilikuwa zimepumzika.

Mengine hufa kimyakimya na mwili huyafyonza. Piga hesabu mwenyewe: chukua yale ya kuvunja ungo, gawanya kwa miezi ya miaka 37, unapata wastani wa 700 hadi 900 kwa mwezi. Upungufu huo unaendelea uwe na mimba, unanyonyesha au unameza vidonge (tazama swali la 20).

Sangara mkubwa anayepasuliwa pale Mwaloni Kirumba anaweza kuwa na mayai mamilioni, na akiwa ziwani huyamwaga majini akaondoka zake. Sato hutaga mamia au elfu kadhaa, kisha jike huyalea mdomoni. Mwanamke yuko upande wa sato, tena amezidi.

5. Mbona mwanaume wa miaka 60 bado anazalisha?

Korodani zina kiwanda kinachofanya kazi kila siku tangu kubalehe. Mbegu moja huchukua siku 70 na kitu kukamilika, na nyingine ziko nyuma yake. Ovari zina ghala bila kiwanda. Umri wa baba nao una madhara yake, ila wazee wetu hawapendi kuulizwa.

## Safari ya kupevuka

6. "Kupevuka" maana yake nini hasa?

Neno hili linabeba mambo mawili. La kwanza ni kukua kwa kifuko kinacholea yai, ambalo nimelieleza kwenye swali la 7. La pili hutokea ndani ya yai lenyewe.

Seli ya kawaida ya mwili ina kromosomu 46, yaani vijiuzi vinavyobeba urithi. Yai linatakiwa libaki na 23, ili likikutana na 23 za mbegu ya mwanaume zitimie 46. Kazi hiyo ya kupunguza huitwa meiosisi, na kwa mwanamke inakwenda kama basi la vijijini, linasimama kila kituo. Inaanza msichana akiwa tumboni: kromosomu zilizotoka kwa mama yake na kwa baba yake hupangana wawili wawili, hubadilishana vipande, halafu kazi inasimama. Kule kubadilishana vipande ni sababu mojawapo ya ndugu wa tumbo moja kutofanana. Inabaki imesimama miaka 12, 20, hata 45. Saa chache kabla yai halijatoka kwenye ovari inaamka, inapiga hatua moja, inasimama tena. Hatua ya mwisho hupigwa pale tu mbegu ya mwanaume inapoingia. Kwa hiyo yai lisilokutana na mbegu hufa kabla halijamaliza meiosisi.

Mgawanyo wenyewe si wa haki. Kwa mwanaume, seli moja hutoa mbegu nne zinazolingana. Kwa mwanamke, seli moja hutoa yai moja linalobaki na karibu akiba yote, na vijiseli vidogo vinavyopewa kromosomu tu, vikafa pembeni. Kuna sababu: mimba changa itaishi kwa akiba hiyo siku kadhaa kabla haijajishikiza kwenye kizazi. Kugawa uji wa mtu mmoja kwa watu wanne ni kuwalaza wote njaa.

7. Kila mwezi kunatokea nini ndani ya ovari?

Kila yai limefungwa ndani ya kifuko cha seli zinazolilea. Hedhi inapoanza, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, yenye ukubwa wa njegere, huongeza homoni ya FSH. Vifuko kadhaa vilivyokwisha kufikia milimita chache huitikia na kuanza kukua pamoja. Ndani yake panajaa maji.

Kufikia siku ya 7 hivi kimoja kimetangulia. Seli zake hutoa estrojeni, homoni inayojenga upya ukuta wa ndani wa kizazi, na pia inayoipelekea pituitari ujumbe: punguza FSH. Ikipungua, vifuko vilivyobaki nyuma hunyauka. Kilichotangulia hakinyauki kwa sababu kimeshajenga njia nyingi za kunasa homoni, kinaweza kuishi kwa kidogo kinachopatikana. Kimekula, kikafunga mlango wa jiko.

Kikifika upana wa milimita 20 hivi, estrojeni huwa imejaa kwenye damu kwa siku mbili, na hapo mambo yanageuka: badala ya kuizuia pituitari inaichochea, na homoni ya LH inamwagika kwa wingi. Tangu LH ianze kupanda mpaka kifuko kupasuka ni kama saa 36. Yai linatoka likiwa limezungukwa na wingu la seli zake, vijidole vya mrija vinalipokea.

8. Karatasi ya utrasaundi imeandika yai lina milimita 20. Si umesema ni 0.1?

Kilichopimwa ni kifuko, yai halionekani kwa utrasaundi. Sisi wenyewe kwenye vituo vya afya tunasema "yai lako limefika 20" kwa uvivu wa lugha, na mtu anarudi nyumbani akidhani ana kitu kama gololi kinachotaka kupita kwenye mrija.

Usijisikie vibaya. Reinier de Graaf, daktari wa Uholanzi, alivieleza vifuko hivi mwaka 1672 na akavichukulia kuwa ndiyo mayai. Yai lenyewe la mnyama anayenyonyesha lilikuja kuonekana mwaka 1827, Karl Ernst von Baer alipolikuta ndani ya kifuko cha mbwa jike. Miaka 155 ilipita hapo katikati.

9. Kwa hiyo yai hupevuka kwa siku 14?

Siku 14 ni mwisho wa safari tu. Kifuko kichanga kikiamka usingizini huchukua miezi mingi kukua, karibu mwaka, na sehemu kubwa ya muda huo kinakua bila kuhitaji FSH. Miezi mitatu ya mwisho ndiyo ya kasi, na wiki mbili za mwisho ndiyo mashindano niliyoyaeleza swali la 7. Anayekuuzia kitu cha kupevusha yai kwa siku tatu hajui anachozungumza, au anajua.

10. Ovari hupokezana zamu, mwezi huu kulia, mwezi ujao kushoto?

Si lazima. Kifuko chochote kinachotangulia ndicho kinachoshinda, na upande mmoja unaweza kushinda miezi mitatu mfululizo.

11. Yai likishatoka linaishi muda gani?

Saa 12 hadi 24. Likikutana na mbegu huwa ni ndani ya mrija, kwenye sehemu yake pana iliyo karibu na ovari, si kwenye kizazi. Mbegu za mwanaume huweza kuishi humo hadi siku 5 zikingoja. Ndiyo maana siku za kushika mimba ni kama 6: tano kabla ya yai kutoka, na siku lenyewe linapotoka.

Lisipokutana na mbegu hufa na kuyeyuka. Ile damu ya hedhi ni ukuta wa kizazi uliobomoka, na mabonge unayoyaona si mayai.

12. Kifuko kilichopasuka kinakuwaje?

Kinajikunja, kinageuka rangi ya njano, na kinaanza kutoa projesteroni, homoni inayoandaa kizazi kipokee mimba. Kinaishi siku 14 hivi. Mimba ikitunga, hutoa homoni yake (ileile inayosomwa na kipimo cha mkojo) inayokiambia kisife, nacho hubeba kazi hiyo wiki kadhaa mpaka kondo la nyuma lichukue zamu. Isipotunga, kinakufa, projesteroni inashuka, hedhi inakuja.

## Siku na dalili

13. Yai langu linatoka siku ya 14?

Kama mzunguko wako ni wa siku 28, yaelekea. Hesabu sahihi zaidi huanzia mwisho: yai hutoka siku 14 hivi kabla ya hedhi *inayofuata*, maana kile kifuko cha njano cha swali la 12 kina maisha yasiyobadilika sana. Kinachorefuka na kufupika ni nusu ya kwanza. Mwenye mzunguko wa siku 35 hutoa yai karibu na siku ya 21. Wa siku 24, karibu na siku ya 10. Nimepokea mimba nyingi zilizotungwa kwa "kalenda" ya shoga yake mtu.

14. Nitajuaje kama yai limekaribia kutoka?

Ute wa ukeni ndiyo dalili nzuri kuliko zote. Siku za kawaida ni mzito au haupo. Yai likikaribia unakuwa mwingi, angavu, unateleza, na ukiuweka kati ya vidole viwili unavutika kama ute mweupe wa yai bichi. Wapo wanaosikia kichomi upande mmoja chini ya tumbo, wa saa chache. Joto la mwili hupanda kama nusu nyuzi asubuhi, ila hupanda *baada* ya yai kutoka, kwa hiyo linakuambia habari za jana.

15. Naona hedhi kila mwezi. Hiyo ni dalili kwamba yai linatoka?

Mara nyingi ndiyo, hasa mizunguko ikiwa ya kati ya siku 21 na 35 na haipishani sana. Lakini damu inaweza kuja bila yai kutoka. Kwa wasichana waliovunja ungo karibuni na kwa kina mama wanaoelekea kukoma hedhi, hilo ni jambo la kawaida. Wasichana hao wasijidanganye lakini: mwezi upi yai litatoka hakuna ajuaye.

16. Nanyonyesha na hedhi haijarudi. Yai linaweza kutoka?

Linaweza, na linatoka *kabla* ya hedhi ya kwanza, ndiyo maana wengine hushika mimba bila kuona damu hata mara moja tangu wajifungue. Kunyonyesha kunalinda vizuri, kwa zaidi ya 98 kati ya 100, mambo matatu yakiwepo pamoja: mtoto hajatimiza miezi sita, ananyonya tu usiku na mchana bila uji wala maji, na hedhi haijarudi. Likikosekana moja, njoo tuongee njia nyingine.

## Watoto

17. Mapacha hutokeaje?

Kwa njia mbili. Ovari zikitoa mayai mawili mwezi mmoja na kila moja likapata mbegu yake, tunapata mapacha wasiofanana, ambao wanaweza kuwa wa kike na wa kiume. Yai moja likirutubishwa kisha likagawanyika, tunapata wanaofanana, na hao siku zote ni jinsia moja.

Kulwa na Doto wa kwenu wakiwa wasiofanana, urithi uko upande wa mama, kwa kuwa ovari zinazotoa mawili ni zake. Ukoo wa baba hauwezi kuzifanya ovari za mkewe zitoe mawili, ila baba anaweza kumrithisha binti yake tabia hiyo. Mapacha wasiofanana huongezeka pia mama akiwa katika miaka ya 30 na kitu, FSH inapoanza kupanda. Wanaofanana hawafuati ukoo kwa kawaida. Shija, anayezaliwa baada ya mapacha, ametokana na yai moja kama sisi wengine.

18. Nimezaa wasichana watupu. Mayai yangu ni ya kike?

Mayai ya wanawake wote hubeba kromosomu ya X. Mbegu za mwanaume ndizo zenye X au Y, na Y ikiingia ni mvulana. Niliwahi kulieleza hili mbele ya mume aliyekuja kumshitaki mkewe. Akatazama dirishani muda mrefu, kisha akauliza choo kiko wapi.

## Dawa na njia za uzazi wa mpango

19. Sindano, kijiti na P2 (kidonge cha dharura cha kuzuia mimba) vinaharibu mayai?

Haviharibu. Sindano ya miezi mitatu na kijiti huzuia LH isipande, yai halitoki. Kijiti kikitolewa, ovari huamka upesi. Sindano hukawia: kwa wastani ni kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho mpaka kushika mimba, wengine mapema, wengine baadaye. Kukawia huko ndiko kulikozaa maneno ya "sindano imenifunga kizazi".

P2 huchelewesha yai kutoka. LH ikiwa imeshapanda haisaidii, ndiyo maana tunasema imezwe mapema, ndani ya saa 72. Kitanzi cha shaba hakigusi ovari kabisa. Yai hutoka kila mwezi kama kawaida.

20. Kama vidonge vinazuia yai kutoka, basi mayai yangu yatadumu zaidi?

Swali la akili, na jibu ni hapana. Rudi swali la 4: yai linalotoka ni moja, yanayokufa ghalani mwezi huohuo ni mamia. Vidonge huliokoa lile moja lisitoke. Ghala linaendelea kupungua kwa mwendo wake.

21. Nimeuziwa dawa ya "kusafisha kizazi na kupevusha mayai". Niitumie?

Mama mmoja aliniletea chupa ya maji ya nusu lita, ndani maji ya kahawia na vipande vya mzizi vimelala chini. Alikuwa ametoa shilingi 60,000. Alipewa masharti kumi na moja, likiwemo la kutopita njia panda, lakini hakuna aliyemuuliza tarehe ya hedhi yake.

Kizazi hujisafisha chenyewe kwa hedhi. Na tatizo la mayai kutopevuka huwa ni la mawasiliano kati ya pituitari na ovari, uchafu haumo. Dawa zinazosaidia kweli zipo: letrozoli na klomifeni ni vidonge vya siku tano mwanzoni mwa mzunguko, vinavyoifanya pituitari iongeze FSH. Ziandikwe na daktari na zifuatiliwe, kwa sababu zinaweza kutoa mayai mawili au matatu kwa mpigo, na hazimsaidii mwenye mirija iliyoziba.

## Yanapokwenda kombo

22. Nimeambiwa nina vifuko vingi na mayai hayapevuki. Nimeisha?

Hujaisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hali hii inawapata wanawake 8 hadi 13 kati ya 100 walio kwenye umri wa kuzaa, na wengi hawajui. Vile vidoti unavyoonyeshwa kwenye picha, vimejipanga kama shanga, ni vifuko vya kawaida vilivyosimama njiani, hakuna kilichotangulia. Homoni za kiume huwa zimezidi kidogo, ndiyo sababu ya ndevu chache na chunusi, na insulini mara nyingi nayo imepanda.

Ghala la mayai kwa mwanamke huyu mara nyingi limejaa kuliko la wengine. Kinachokosekana ni mshindi. Aliyezidi uzito akipunguza hata kilo 5 katika kila 100, baadhi yao huanza kutoa yai bila dawa. Wengine wengi husaidiwa na vidonge vya swali la 21. Ila mwenye hedhi ya mara tatu kwa mwaka asikae tu hata kama hatafuti mtoto: ukuta wa kizazi unaojengwa bila kubomolewa unaweza kuleta saratani miaka ya mbele.

23. Umri unabadilisha nini, kama mayai bado yapo?

Unabadilisha wingi na ubora. Kumbuka kituo cha swali la 6: kromosomu zimeshikana wawili wawili tangu tumboni, na vifungo vinavyozishika ni vilevile, havibadilishwi. Baada ya miaka 35 au 40 vimelegea. Meiosisi ikiamka, kromosomu huweza kwenda upande usio wake. Mimba nyingi za namna hiyo huharibika mapema. Nyingine huzaa mtoto mwenye sindromu ya Down (hali ya kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada), ambayo kwa mama wa miaka 25 hutokea mara 1 kati ya 1,250 hivi, kwa wa 35 mara 1 kati ya 350, kwa wa 40 mara 1 kati ya 100. Maana yake pia ni kwamba wa miaka 40 wengi mno huzaa watoto wasio nayo, na hapa Kanda ya Ziwa tunawaona kila wiki.

24. Hedhi ilikoma nikiwa na miaka 38. Ni kawaida?

Kawaida ni kati ya 45 na 55. Kabla ya 40 huwapata kama 1 kati ya 100. Sababu huweza kuwa kromosomu, kinga ya mwili kuishambulia ovari, upasuaji, dawa za saratani au mionzi, na mara nyingi haipatikani. Uvutaji sigara huwahisha kwa mwaka mmoja au miwili. Usinyamaze: estrojeni ikiondoka mapema mifupa hudhoofika, na kuna matibabu.

25. Ovari moja ilitolewa kwa upasuaji. Nitatoa yai mwezi baada ya mwezi?

Utatoa kila mwezi kama kawaida. Iliyobaki hupokea FSH yote na kifuko kimoja hushinda vilevile. Hedhi inaweza kukoma mapema kidogo kuliko wenzako.

26. Kichocho kinaweza kuharibu ovari?

Kinaweza, na huku kwetu lazima kiulizwe. Kile cha tumbo ndicho kilichozoeleka ufukweni mwa ziwa. Kile cha mkojo kiko zaidi bara, kwenye malambo na majaruba ya mpunga. Hicho cha mkojo hupenda viungo vya uzazi. Mayai ya *mnyoo* hunasa kwenye mlango wa kizazi, kwenye mirija, mara nyingine kwenye ovari, yakaacha makovu. Kama ulikulia kwenye maji hayo na unatoka damu baada ya tendo la ndoa, au mimba haishiki, mwambie daktari hilo la majaruba, maana hatalikuta kwenye karatasi yako. Dawa yake, prazikwanteli, huua mnyoo; kovu la zamani haliliondoi.

27. Kwenye kupandikiza mimba (yai kurutubishwa nje ya mwili) huvuna mayai kumi na zaidi. Si yataisha haraka?

Hayaishi. Zile sindano za FSH za siku 10 hadi 14 huvifanya vifuko vyote vilivyoanza mashindano vifike mwisho badala ya kimoja. Yanayovunwa ni yale ambayo yangekufa mwezi huohuo. Mtoto wa kwanza wa njia hii, Louise Brown, alizaliwa Uingereza mwaka 1978, na yai lake lilivunwa bila sindano hizo, kwenye mzunguko wa kawaida wa mama yake.

28. Nimetafuta mimba mwaka mzima. Nikija hospitali watanipima nini?

Mwaka mmoja ndio muda wa kungoja. Ukiwa umepita miaka 35, ni miezi sita. Kwa upande wa mayai watapima FSH siku ya 2 hadi ya 4 ya hedhi, projesteroni siku 7 kabla ya hedhi inayotarajiwa (ikiwa juu, yai limetoka), na utrasaundi. Wanaweza kuongeza kipimo cha AMH, kinachokadiria ghala limebaki kiasi gani. Hakisemi lolote kuhusu ubora, na mwenye AMH ndogo hushika mimba pia. Kisha mirija, na mbegu za mume, kwa kuwa karibu nusu ya matatizo haya yana upande wake.

Njoo na tarehe za hedhi za miezi mitatu hadi sita, ziandikwe popote, hata nyuma ya kalenda ya duka. Na mume aje, asitume salamu.